Kutoka Mabamba hadi Meza ya Alhamisi

Sahani yangu ilikuwa imejazwa mara ya tatu. Nilishiba tangu ile ya kwanza, lakini mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa miaka 73, alikuwa akiniuliza swali lile lile kwa upole: "Möchtest du nichts mehr?" Maana yake, hutaki tena chochote? Nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikawa namjibu, "Ja." Ndiyo.

Kwetu jibu hilo limekamilika. Mtu akikuuliza, "Hutaki tena?" ukasema, "Ndiyo," anafunika chungu. Umekubaliana na maneno yake: ndiyo, sitaki. Mwalimu hakusikia hivyo. Alisikia "ndiyo" ya mtu mwenye njaa, akapakua. Na mtoto wa Kibondo, mkoani Kigoma, habakizi chakula cha watu kwenye sahani, nikala. Akauliza, nikajibu, akapakua.

Safari ya nne aliweka mwiko chini, akanitazama tumboni, akanitazama usoni, kisha akaelewa. Akachukua kipande cha mkate akakiweka katikati yetu, somo likaanza. Ukiulizwa "hutaki?" nawe kweli hutaki, sema "nein". Na kama unataka, ilhali mwenzako ameshakusemea kwamba hutaki, lipo neno la kazi hiyo tu: "doch". Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo, sisi husema, "Nataka, mbona!" au tunasogeza sahani. Tulikirudia kipande kile cha mkate, hutaki, nein, hutaki, doch, hadi mdomo wangu ukazoea. Saa ilikuwa kumi na nusu jioni na nje giza lilikuwa linaingia.

Hiyo ilikuwa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, Desemba yangu ya kwanza. Nilikuwa nimefika Oktoba kujitolea katika nyumba ya kutunzia wazee, chini ya mpango wa serikali yao wa kazi za kujitolea ulioanza mwaka 2011, ambao Wajerumani huuita Bundesfreiwilligendienst. Kijerumani cha mwanzo nilikisomea Dar es Salaam, Goethe-Institut pale Upanga, nikatoka na cheti cha A2. Ngazi za lugha hiyo ni sita, kuanzia A1 hadi C2, kwa hiyo nilikuwa nimepanda mbili. Nilijua kujitambulisha, kuagiza chai na kueleza familia yangu. Cheti kilikuwa kwenye begi. Mdomoni hakikuwamo.

Wiki ya kwanza kazini niliambiwa nipeleke chai chumba cha "vierundzwanzig". Wajerumani hutanguliza mamoja, makumi yakafuata: nne na ishirini. Masikio yangu yalidaka "nne" kwanza, na kwangu mimi namba inayotajwa mwanzo ndiyo kubwa, basi nikapeleka chai chumba namba 42. Bibi wa chumba kile akainywa kwa shukrani nyingi, huku babu wa namba 24 akingoja. Hakuna aliyenigombeza. Lakini jioni ile nilikaa kitandani nikaandika namba zote kuanzia 21 hadi 99 kwa mkono, na nikaona wazi kwamba somo la darasani halitanitosha. Nilihitaji watu.

Watu niliwapata maktaba. Maktaba za umma za Hamburg, zinazoitwa Bücherhallen, zina vikundi vya mazungumzo viitwavyo Dialog in Deutsch. Huhitaji kujiandikisha wala kulipa. Kikundi hukutana kwa saa moja, mwenyeji wa kujitolea anakaa nanyi mezani, mnazungumza. Hakuna mtihani, na ukikosa wiki mbili ukirudi unapewa kiti. Mimi nilienda maktaba kuu, karibu na kituo kikubwa cha treni, siku ya Alhamisi. Mwalimu wangu wa doch ndiye aliyekuwa mwenyeji wa meza yetu.

Meza yenyewe ilikuwa na mfamasia kutoka Syria, kijana wa Ghana aliyekuwa anajifunza ufundi wa umeme, dada wa Ukraine aliyekuja na mwanawe, na mimi. Sharti lilikuwa moja tu: Kijerumani. Mimi na Mghana tungeweza kuongea Kiingereza tukamaliza hadithi zetu kwa dakika tano. Tulijizuia. Tulizihangaikia zile hadithi kwa Kijerumani kibovu, nusu saa nzima, mikono ikisaidia ulimi. Leo nasema bila kusita kwamba nusu saa zile ndizo zilizonifanya nikae Ujerumani badala ya kusubiri tu siku za kurudi.

Kuna jambo moja alilolifanya yule mwalimu ambalo ningependa kila mfundishaji wa lugha alione. Mtu akikwama katikati ya sentensi, yeye hunyanyua kidole cha shahada, taratibu, usawa wa bega. Mwanzoni nilidhani ananionya. Baadaye niligundua kidole kile hakikuwa changu, kilikuwa cha wengine: msimmalizie, anakuja. Na Kijerumani kinataka kungojwa, maana kitenzi mara nyingi hukaa mkiani. Unaweza kutaja mtu, siku, mahali, sababu na chombo cha usafiri, na wasikilizaji bado hawajui umefanya nini mpaka neno la mwisho litoke. Anayekukatiza amekunyang'anya sentensi nzima. Nimekaa mbele ya kidole kile nikihema, nikitafuta kitenzi, meza nzima imetulia, mpaka nikakipata.

Kilichonishangaza ni jinsi kila mmoja wetu alivyokuja na ufunguo wake. Wajerumani wana jinsia tatu za nomino, na hazifuati akili ya kawaida. Kijiko ni mwanamume: der Löffel. Uma ni mwanamke: die Gabel. Kisu si huyu wala yule: das Messer. Msichana naye, das Mädchen, amewekwa upande wa kisu. Wenzangu walilalamika sana. Mimi nikawaambia mbona hizo chache, njooni muone ngeli. Nikaandika ubaoni: kitabu kimoja kizuri kimeanguka, vitabu viwili vizuri vimeanguka. Walipoona kichwa cha neno kikirudi mstari mzima kama mwangwi, walikisoma kwa sauti mara tatu, wakifurahia mlio wake. Mwalimu aliuliza kama uma na kijiko viko ngeli moja. Haviko: kijiko changu, uma wangu. "Basi," akasema, "hata kwenu vyombo vya mezani vimetengana." Tangu siku ile sikuziogopa der, die, das. Nilizichukua kama nilivyozichukua ngeli utotoni: usiulize kwa nini, jifunze jina na koti lake kwa pamoja.

Mfamasia wa Syria yeye alikuta maneno yake kinywani mwangu. Kitabu, sukari, sahani, dakika. Tulikuwa tukiyakusanya kila wiki kwenye karatasi moja. Na Wajerumani nao wamo katika Kiswahili, jambo ambalo mwalimu hakuwa akilijua. "Shule" imetoka kwenye Schule. "Hela" imetoka kwenye Heller, sarafu iliyoletwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Sarafu ilikufa na utawala ule, na hadi leo mama wa Kibondo anayeuza ndizi anadai hela yake bila kujua anataja fedha ya nani. Nilipolieleza hilo, Mghana aliniuliza kama tulilipwa chochote kwa maneno hayo. Palikuwa kimya kidogo. Tukazungumza Alhamisi ile juu ya ukoloni, kwa Kijerumani cha kuokoteza, na mwalimu alisikiliza kuliko alivyosema.

Saa ndiyo iliyonisumbua kuliko sarufi. "Halb acht", neno kwa neno nusu nane, ni saa moja na nusu yetu. Ilinibidi nivuke madaraja mawili: kwanza niirudishe nusu saa nyuma, kwa kuwa Mjerumani huhesabu nusu ya kuelekea nane, kisha niondoe saa sita kupata saa ya Kiswahili. Na saa yenyewe ya Kiswahili ilianza kunisaliti. Kwetu Mabamba jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kutua karibu na saa moja jioni, mwaka mzima, kwa hiyo mchana na usiku vinalingana na hesabu inakaa sawa. Hamburg mwezi wa Desemba saa mbili asubuhi bado taa za barabarani zinawaka. Mwezi wa Juni jua linazama saa nne kasoro dakika kumi usiku. Nilisema "saa nne usiku" kwenye simu, mama akaniuliza mbona nasikia watoto wanacheza nje. Hapo nilijua kwamba nimehama kweli: maneno ya nyumbani yalikuwa hayatoshi tena kueleza dirisha langu.

Mambo ya kiserikali yalipita haraka kwa sababu ya meza ile. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mtaa. Jina lako lazima liwe kwenye sanduku la barua, la sivyo barua zinarudi zilikotoka, na Ujerumani barua ndiyo inayotembeza maisha. Dada wa Ukraine alikuwa ameshayapitia hayo. Alikuja kwangu na mkasi na gundi, akanikatia jina langu herufi kubwa, tukalibandika pamoja.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni neno moja fupi, "du". Kijerumani kina "wewe" mbili: Sie ya heshima na du ya watu waliozoeana. Baada ya miezi miwili mwalimu alisema tuambiane du na tuitane kwa majina. Ulimi wangu ulikataa. Mtu aliyezaliwa kabla ya mama yangu nimwite jina lake kavu, kama mtoto mwenzangu wa shule? Nilizunguka wiki kadhaa, nikitunga sentensi zisizo na "wewe" ndani yake. Akaligundua, akaniuliza: kwenu ungeniitaje? Nikamwambia ningekuita bibi, na kabla ya yote ningekuamkia, shikamoo, nawe ungeitikia, marahaba. Akalifanyia mazoezi neno lile Alhamisi nzima. Tukapatana hivi: mimi namwambia du, lakini nikiingia tu nampa shikamoo. Kila wiki aliitikia marahaba kwa sauti ya kusikika hadi rafu za mbali, watu wakigeuka kututazama. Baada ya hapo du ilitoka bila kuniuma.

Sasa nieleze kwa nini sikuona ugeni mkubwa katika meza hiyo, ingawa sikuwahi kukaa kwenye meza kama hiyo kabla.

Mabamba ni kata ya wilaya ya Kibondo, imeegemea mpaka. Ukivuka unaingia Gisuru, Burundi. Kiha chetu na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja. Asubuhi sisi tunasema "mwakeye", wao "mwaramutse", na sokoni muhogo unauzwa bila mkalimani. Mpaka wenyewe ni wa juzi. Hadi mwaka 1916 pande zote mbili zilikuwa chini ya Mjerumani mmoja, kisha Mbelgiji akazishika zote, na Buha, nchi yetu Waha, ikaja kukabidhiwa kwa Mwingereza mwaka 1921 kufuatana na makubaliano ya wajumbe wao, Milner na Orts, ya mwaka 1919. Waliokuwa majirani wakaamka wageni.

Na wageni wamekuja kwetu kwa mawimbi, wakikimbia machafuko ya Burundi: 1972, 1993, 2015. Mwaka 2015 nilikuwa msichana wa sekondari, nikamwona mama mmoja kutoka Burundi akikaa nyumbani kwetu wiki chache, na mtoto mgongoni, kabla ya kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Nduta iliyofunguliwa upya mwaka huohuo. Mama yangu angeweza kuzungumza naye Kiha wakaelewana kila kitu. Lakini mgeni mwenyewe aliomba Kiswahili. Alijua kwamba mbele yake kuna ofisi, zahanati, foleni ya mgao, na huko Kiha hakitamsaidia.

Basi walikaa kwenye mkeka, ungo katikati, wakichambua maharage. Kirundi husema "ibiharage", na mgeni alikuwa akisema, "Biharage bizuri." Mama hakumcheka. Hakumwambia amekosea. Alitupa jiwe dogo pembeni, akasema polepole kama anayejisemea, "Maharage mazuri," kisha akaendelea kuchambua, akingoja. Kimya. Punje zikilia kwenye ungo. Baada ya muda mgeni akasema, "Maharage mazuri." Mama akaitikia, "Mazuri kweli." Wakahamia kwenye chumvi.

Mkeka ule ndio meza ya kwanza ya lugha niliyoiona. Nilipokaa Hamburg mbele ya kidole kile nilikitambua. Mtu hutulia ugenini pale anapompata mwenyeji mwenye subira ya kungoja sentensi yake ifike, na watu wa Kibondo na wa wilaya jirani ya Kasulu, waliopokea walionyang'anywa karibu kila kitu, wameifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuipa jina wala cheti. Naliandika hili kwa fahari.

Niliwasimulia wenzangu pia habari za meli. Liemba, inayojulikana na kila mtu wa Kigoma, ilijengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, si mbali sana na Hamburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha na kupelekwa hadi ziwa Tanganyika, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini mwaka 1927. Na Mei 2015 meli hiyohiyo ilibeba maelfu ya Warundi kutoka ufuko wa Kagunga hadi Kigoma. Mfamasia wa Syria alisikiliza habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa. Naye alifika Ulaya kwa chombo cha majini, mwaka huohuo.

Jumapili moja mwalimu alinipeleka Ohlsdorf, makaburi makubwa ya Hamburg, kwenye kaburi la Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar. Alifika mji ule mwaka 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete, akaitwa Emily. Miaka mitatu baadaye mume alikufa kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo watatu katika lugha isiyo yake. Aliishika lugha hiyo hadi akaandika kwayo kumbukumbu za maisha yake, zilizochapwa mwaka 1886. Nilisimama pale nikimfikiria mjane yule kijana kwenye baridi ile, bila meza ya Alhamisi.

Nilimfikiria pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Mwaka uliofuata alitaka kurudi nyumbani na mkewe, watawala wa koloni wakawazuia. Akarudi Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Alikuwa akiwafungulia wengine mlango wa lugha yake huku wake mwenyewe umefungwa. Sisi wa leo tunakwenda kwa tiketi ya kwenda na kurudi, na hilo si jambo dogo.

Vijana wengi wa Kibondo na Kasulu sasa wananiuliza njia. Ujerumani inatafuta watu wa kazi, hasa wauguzi. Jirani zetu Kenya walitia saini makubaliano nao Septemba 2024. Mafunzo ya uuguzi kule ni miaka mitatu, na mara nyingi huombwa lugha ngazi ya B1 au B2. Ninachowaambia ni kwamba wasisubiri kufika ndipo waanze kuongea. Kariri namba mpaka zikutoke usingizini. Tafuta mwenzako mmoja anayejifunza, kubalianeni siku, msemezane hata mkikosea wote wawili. Na ukifika, usijifungie na Waswahili wenzako peke yao. Nami niliwahitaji, Jumamosi tulipokutana wachache tukapika ugali, roho ilirudi mahali pake. Lakini aliyenibandikia jina kwenye sanduku la barua alikuwa Mukraine, na mawese ya kuungia maharage yangu aliniletea Mghana, kutoka duka la kwao. Maharage yale yalipakuliwa nyumbani kwa mwalimu. Aliniuliza kama sitaki kumwongezea. "Doch," akajijibu mwenyewe, akasogeza sahani.

Naandika haya nikiwa likizo Mabamba. Alhamisi iliyopita mtandao ulikuwa mzuri, meza ikanipigia simu ya video. Mama alikuwa jikoni, moshi umemzunguka, akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Nikamgeuzia simu. Akamwona bibi mwenye mvi, akapiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo." Kutoka Hamburg ikarudi sauti ninayoijua: "Marahaba!" Mama akashtuka, akanitazama, akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

Mwalimu akauliza kuna nini chunguni. Nikamnong'oneza mama neno la Kijerumani la maharage. Akalisikiliza, akalijaribu kimyakimya kwa midomo tu, akainua uso kwenye simu. "Bo..." akasema, likamponyoka. Mfamasia alifungua mdomo kumsaidia.

Kwenye kioo cha simu nikaona kidole cha mwalimu kikinyanyuka, taratibu, usawa wa bega.